Nilimtoa mjomba nyumbani kwa sinema, mama akabaki na muhogo wa hatari

Wakuu, salamu zenu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Miaka ya tisini mwanzoni, kwetu Lurujo, Koboko, karibu na mpaka wa Sudan. Mjomba wangu, askari wa zamani aliyerudi kutoka ukimbizini Sudan, alikuwa na muhogo wake nyuma ya nyumba. Mashina machache, yamepandwa ovyo ovyo.

Misimu miwili hataki uguswe. Njaa ipo, muhogo upo, mzee anakataa. Ukimuuliza sababu, anawasha sigara.

Nikasema huu ni uchoyo tu. Nikamdanganya mama: "Mjomba amekubali, kang'oe jua likipoa." Kisha nikamchukua mzee mpaka Arua, kwenye kibanda cha video, ili asiwepo. Nikajiona mjanja.

Picha ilikuwa ya vita. Wanajeshi wamekwama katikati ya mabomu ya ardhini, hakuna wa kuinua mguu. Mjomba akanishika mkono.

"Ile muhogo yangu iko vile," akasema. "Kila mti iko na bomu karibu. Mimi nilitega wakati wa vita. Niliporudi nikachomeka miti ya muhogo, iwe alama."

Jamani. Mtu mzima anaweka alama ya bomu kwa kitu kinachoota na kuliwa!

Nikamweleza kuwa mama anakwenda kuung'oa, tukadandia pikapu. Njia nzima nilikuwa nasali na kumlaani kwa zamu.

Tulimkuta mama katikati ya ule muhogo, mashina mawili ameshang'oa, jembe liko juu kwa la tatu.

"Dada, simama," mjomba akamwambia. "Usisonge."

Akaingia akikanyaga alama za miguu ya mama moja moja, akambeba mgongoni, akarudi vilevile. Mimi nilibaki pembeni.

Walipotoka nikamfokea mzee, kwa nini hukusema kuna mabomu?

"Niliogopa watauliza nani alitega."

Nilitaka kumrukia. Mama akatuangalia wote wawili.

"Huyu ilificha bomu," akasema. "Wewe ilinidanganya. Na mimi ndio munatuma kuchimba."



Nilichojifunza: mzee akikataza kitu, mbane aseme sababu, usimzunguke. Nanyi wazee, semeni, aibu yenu isituue.

Nitukaneni tu, nimestahili. Ila niambieni, hapo mama angeanza kumsamehe nani?