Dada Dirisha Anamsubiri Kinanda

Saa moja asubuhi haijatimia, na benchi la kliniki limeshajaa. Nyuma ya dirisha la mapokezi, mwanamke mwenye kitambaa cha kahawia kichwani anawasha kompyuta, anafuta kioo chake kwa mkono wa sweta, kisha anainua macho.

"Karibu, mama. Mguu umegoma tena?"

"Huu mguu ungekuwa mume, mwanangu, ningeshadai talaka," anajibu bibi wa kwanza kwenye foleni. Benchi zima linacheka.

Wagonjwa wanamwita Dada Dirisha. Ni karani wa mapokezi, ana miaka arobaini na mitatu, na huu ni mwaka wa kumi na mbili anakaa hapa. Mshahara hauoni mwisho wa mwezi. Kodi ikishatoka, kinachobaki ni nauli na unga. Mara mbili ameitwa kwenye kazi yenye malipo bora, katika ghala la vifaa vya ujenzi. Mara zote mbili amekataa.

"Ghalani atakuja nani? Mafundi tu," anasema. "Hapa kila mtu atapita. Nani asiyeugua?"

Anayemsubiri ni mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao. Nyumbani walimwita Kinanda, maana tangu azaliwe hakujua kunyamaza. Mchana mmoja, baada ya kutupiana maneno na baba, alitoka akasema anakwenda kunyoa. Hajarudi mpaka leo. Baba ameshafariki, na mama kila jioni ana swali moja tu: "Leo mlipata mgeni?"

"Huyo kinyozi ana foleni, we acha tu!" Dada Dirisha anacheka, halafu kicheko kinamkauka. "Nina hamu na ndugu yangu. Natamani hata zile kelele zake zilizokuwa zinanitoa roho."

Mwaka huu daktari mwenye kliniki alichoka na mafaili ya karatasi, ambayo yalikuwa yameshahamia hadi kwenye chumba cha sindano. Zikaletwa programu mbili za kompyuta za kuendeshea kliniki: kuandikisha wagonjwa, kupanga foleni, kutunza majibu ya vipimo na dawa. Daktari akamwambia Dada Dirisha, "Wewe ndiye utakayeishi nayo. Utakayoichagua, hiyo hiyo."

Ya kwanza haikuwa na sura ya kutazamwa mara mbili, ila ilifanya kazi hata mtandao ukikatika, na kila kitu kilibaki humu humu ndani. Ya pili ilikuwa nzuri kama bibi harusi, tena iliunganisha kliniki nyingi.

"Ukiandika jina hapa, dada," alisema muuzaji, "unaona kama mtu huyo amewahi kutibiwa katika kliniki yoyote iliyo kwetu. Popote pale."

"Popote?"

"Popote."

"Moyo ulinipiga paa!" anakumbuka. "Nikajua nimempata. Milima ndiyo haikutani."

Programu zote mbili zilijaribiwa kwanza, utafutaji huo ukiwa bado umefungwa, na katika majaribio hairuhusiwi kutumia mgonjwa wa kweli. Kila mfanyakazi hutunga wake. Wenzake waliandika majina ya kuchekesha. Yeye aliandika Kinanda, na kovu lake juu ya nyusi. Penye tatizo la mgonjwa akaandika: kuchelewa. Akamweka kwenye foleni, kisha simu ikalia, akasahau kumtoa.

Muuguzi aliyekuwa ametoka likizo hakujua habari hizo. Akaona jina kwenye kompyuta yake, akatokeza mlangoni.

"Kinanda! Kinanda yupo?"

"Kinanda nalo ni jina la mtu?" mzee mmoja akauliza. Watu wakacheka.

Dada Dirisha alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka, macho yako kwenye mlango wa nje. "Mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika! Lakini masikio yatajuaje?" Alikwenda kunawa uso bombani, na hakurudi upesi.

Angeichagua ile ya pili, bila shaka yoyote. Ila siku chache baadaye msichana mmoja aliinama dirishani. Hutoka mbali, hupita kliniki tatu njiani ndipo afike hapa.

"Dada, nasikia mnaweka kompyuta," alinong'ona. "Wa kule kwetu hawataniona?"

Dada Dirisha alimpigia muuzaji. Makarani wa kliniki zote wataona jina na tarehe, alijibiwa, ugonjwa hawauoni.

"Jina tu linatosha kumvunjia mtu nyumba," anasema. "Nilikaa na hilo jambo, likanila. Nikachagua ile mbaya."

Mama alinuna. "Umemfungia mwenzako mlango," alimwambia.

"Mama, na kama Kinanda naye kajificha? Nilichofunga ni tundu la kuchungulia. Mlango uko wazi."

Jioni iliyofuata mama aliuliza tena: "Leo mlipata mgeni?"

Kabla ya programu kuanza kazi, wagonjwa wote wa majaribio walitakiwa kufutwa. Dada Dirisha aliwafuta mmoja mmoja, Kinanda akabaki wa mwisho. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Fundi wa programu, aliyeona habonyezi, akamwambia anaweza kumwacha humo, mahali pasipoonekana.

"Nikakataa. Akija, sitaki akute nimeshamjibia. Nataka nimuulize mwenyewe: jina nani, una miaka mingapi, siku hizi unaishi wapi. Polepole, nikimtazama usoni. Na wenye haraka wanisamehe siku hiyo, foleni haitasogea."

Alibonyeza, jina likatoweka. Anakiri kwamba alilia tena, safari hii hapo hapo kitini.

Sasa bibi wa mguu ameingia kwa daktari. Mlango wa nje, ambao bawaba zake hazijatiwa mafuta kwa sababu Dada Dirisha mwenyewe ameomba zisitiwe, unalia.

"Karibu," anasema, kabla hajaona ni nani.