Picha ya Diwani

Mama alikuwa amezichoma picha zote za baba. Wale askari waliomchukua baba mchana kweupe kutoka karakana yake ya Katwe walikuwa na tabia ya kurudi kupekua nyumba, na picha moja ya diwani wa zamani akiwa na wanasiasa wenzake ingetosha kutuzoa na sisi tuliobaki. Kwa hiyo mama aliziweka kwenye sigiri, moja baada ya nyingine, akachemshia chai. Sitaki mtu yeyote anieleze habari za woga wa mama yangu.

Alikuwa na mimba siku zile. Mdogo wangu akazaliwa, akatambaa, akaanza kusema, na kwa kuwa tulikuwa tumemwambia baba ni mrefu, kila mwanamume mrefu aliyepita njia yetu ya Kibuli, awe muuza maji au shehe, alimnyooshea kidole na kuuliza, "Huyu ndiye baba?" Watu walijifanya hawakusikia.

"Mtafutie mtoto uso wa baba yake," mama akaniambia. "Hata mmoja tu, ajue anamtafuta nani."

Nilikuwa chuoni, nikisoma siasa za jiji letu kabla jeshi halijatwaa nchi. Nilijua kwamba chini ya ofisi za jiji kuna chumba cha kumbukumbu chenye magazeti ya zamani, na kwamba baba alipochaguliwa udiwani gazeti lilitoa picha yake. Mwalimu wangu akaniandikia barua ya utafiti. Wembe wa kuikatia ile picha niliuficha ndani ya kilemba.

Mlangoni palikuwa na askari akitafuna karanga.

"Historia gani? Historia naanza na sisi," akasema, akacheka.

Nikacheka naye. Damu ilikuwa inanichemka, lakini nilicheka naye mpaka akanipisha.

Mzee aliyetunza chumba kile aliniletea jalada la magazeti ya miaka ile. Nikafunua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tundu, wa pili matundu mawili. Mameya, madiwani, viongozi wa vyama, wanawake wa sokoni waliobeba mabango, wote walikuwa wamekatwa, kingo zimenyooka vizuri. Nilipofika kwa baba nikaona tangazo la sabuni la ukurasa uliofuata likichungulia tunduni. Chini ya tundu, jina lake lilikuwepo, na hotuba yake nzima.

"Mzee, picha ziko wapi?"

"Nnyabo," akaniita kwa heshima, "askari walileta wembe. Walisema toa sura yote ya zamani. Mimi nikatoa, wao nachoma." Akatazama mlangoni. "Maneno hawakusema. Basi maneno nikaacha."

Wapumbavu wakubwa! Walidhani siasa za jiji ni sura za watu, wakamwachia baba kila alichosema: kwamba baraza linawatoza kodi mafundi wa Katwe huku mtaro mmoja tu wa maji machafu umewashinda kuchimba. Mwanafunzi mwingine angefurahi. Mimi ningefanya nini na mtaro? Mtoto wa miaka mitatu humsomei hotuba. Najua mzee yule aliokoa alichoweza, na ningepaswa kumshukuru, lakini siku ile nilitamani kumchana mikono kwa wembe wangu. Nilimrudishia jalada bila hata kuaga.

Nyumbani mama aliona nilivyofungua kilemba, ukatoka wembe peke yake, akajua.

Wiki ileile tulikuwa tunatoka sokoni sisi watatu, tukasimamishwa kwenye kizuizi karibu na reli ya Namuwongo. Askari aliyepekua kikapu chetu alikuwa mrefu. Mdogo wangu akanyoosha kidole kabla sijaushika mkono wake.

"Huyu ndiye baba?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akainama, akamshika kichwa.

"Eeh, mimi ndiyo baba yako," akasema, akachukua ndizi zetu.

Mama akacheka. Ilibidi acheke. Na tangu siku ile mdogo wangu hakumnyooshea tena mwanamume yeyote kidole. Alikuwa ameshampata baba yake, tena mwenye bunduki.