Taa ya Ndani ya Buti

Juzi nilimwona fundi akiacha simu yake ikirekodi ndani ya buti la gari, ajue kama taa huzimika likifungwa. Nilicheka peke yangu. Zamani simu hiyo nilikuwa mimi.

Gari letu lilikuwa likiamka bila moto kwenye betri kila asubuhi, na majirani zetu wa Buruburu walikuwa wamechoka kulisukuma. Alasiri moja fundi aliyeitwa na baba alinitazama, kisha akamwambia baba, "Mzee, huyu mtoto anaweza toshea huku ndani."

Baba alijua ninavyoogopa giza. "Mami, utaweza?" akaniuliza.

Nilijikunja juu ya tairi la akiba, katika harufu ya mpira na vitunguu vya sokoni. Kifuniko kikafungwa, lakini taa ikaendelea kuwaka. Nikajua baba ameniachia iwake, nisiogope.

"Bado inawaka!" nilipaza sauti kwa furaha. Sikujua kwamba ndiyo iliyokuwa ikimaliza betri usiku kucha.

Fundi alipobadilisha swichi, nilirudi ndani tuhakikishe. Safari hii lilikuwa giza totoro. Kabla sijalia, nilisikia kiganja cha baba kikigonga kifuniko polepole, bila kukoma. Nami nikagonga kutoka ndani.