Kufuli la Kujitengenezea

Dada yangu ana chuo cha ushonaji hapa Bariadi, na nusura nikiue. Wengine huua chuo kwa amri ya ofisi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimevaa bukta.

Nina kidato cha nne, kompyuta moja, na nyumba aliyotuachia mama, ambamo naishi peke yangu na sipendi kutoka. Dada akanipa kazi ya watu wa kukaa: tovuti ya chuo, wazazi waandikishe mabinti kwa simu. Darasa lenyewe lilikuwa ghala la pamba aliloazima kwa jirani. Jirani alishasema, wanafunzi wasipotimia kumi ifikapo Ijumaa, anarudisha pamba yake.

Jumatatu dada alinijia juu. "Simu za wazazi zinasema tovuti si salama, na wewe umelala?"

Nikaona ananionea. Nikapanga kila anayefungua tovuti apelekwe moja kwa moja, atake asitake, kwenye kurasa salama, zile zenye alama ya kufuli. Kurasa hizo zinahitaji cheti kinachotolewa na watu wanaotambulika, na vya bure vipo. Lakini kuomba niliona uvivu. Nikajitengenezea changu, kama mtu anayejiandikia barua ya utambulisho kisha akajigongea mhuri wa mtendaji wa kata. Kompyuta ilinionya. Nikabonyeza "endelea", na tangu hapo haikunisumbua.

Jumanne hakujiandikisha mtu. Jumatano vilevile. Dada akapiga simu.

"Watu wanasema haifunguki."

"Kwangu inafunguka."

"Kwako! Wewe una binti gani wa kuandikisha? Njoo huku uone kwenye simu za watu."

"Kuna jua, dada. Waambie wanunue simu za maana."

Akakata.

Alhamisi mchana alikuja mwenyewe, nyuma yake mzee mmoja kutoka Lagangabilili. "Mwadila," mzee alisalimia bila kutabasamu, akanisogezea simu hadi puani. Skrini nzima ilikuwa onyo: alama nyekundu, na maneno kwamba huenda wezi wanataka kuiba taarifa zake.

"Kijana, nataka kuandika jina la binti yangu, simu inaniambia niko kwa wezi. Wezi wenyewe ndio ninyi?"

"Ni cheti tu, mzee. Ungebonyeza endelea."

"Niendelee wapi? Hicho cheti amekupa nani?"

"Nilikitengeneza hapahapa."

"Kajipa mwenyewe," dada akasema. "Mwangalie alivyo."

Mzee alikuwa ameshamwandikisha binti yake kwenye chuo kingine, kule Nyashimo, asubuhi ileile. Alipitia tu kuniona sura.

Cheti halali nilikipata jioni hiyo, kwa muda mfupi kuliko wa kusonga ugali. Ijumaa tovuti ilifunguka kwa kila mtu, na wasichana waliojiandikisha walikuwa wanne. Kabla ya saa sita jirani alikuwa anaingiza pamba.

Jumatatu nikasikia mkokoteni uani, umebeba vyerehani. Dada akanipita mlangoni kana kwamba mimi ni kitasa.

"Unavipeleka wapi?"

"Sebuleni. Wasichana wangu wanne wanakuja saa mbili."

Kiti changu cha plastiki kikatolewa nje.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Alimwambia mwenye mkokoteni aanze na cherehani kikubwa.