Mizizi ya Shangazi Maabarani

Miaka ya themanini ikielekea kwisha, maabara yetu ya Arua ilikuwa na mizani moja, jenereta lenye kiburi, na mimi. Nilikuwa nimechoka. Nilitoka Mvara kwa miguu kila asubuhi, nikifika nakuta umeme hakuna, naketi tu.

Ndipo shangazi, dada wa baba yangu, akaja kutoka Koboko na mfuko wa mizizi mikavu. Mmea wenyewe aliutoa Sudan tuliporudi kutoka ukimbizini. Huku kwetu haukuota popote ila shambani kwake. Maji ya mizizi hiyo aliwanywesha wagonjwa wa homa, na daktari wetu alikuwa amemkataza mpaka maabara ione kama kweli mna dawa ndani.

"Wewe pima," akaniambia. "Mashine ikisema dawa iko, daktari ataniacha. Ikisema hakuna, mimi naacha mwenyewe."

Nikaisaga, nikaloweka unga wake kwenye spiriti, nikachuja, nikakausha mchujo taratibu juu ya maji ya moto. Kilichobaki nikakidondoshea dawa ya kupimia, ambayo hugeuka rangi ya machungwa ikikuta kitu. Haikugeuka. Nikarudia kwa spiriti yote iliyobaki, huku jenereta likizimika na kuwaka. Wapi! Niliumia sana, lakini nikampelekea habari kwamba mizizi yake haina kitu.

Idi ilipofika nikapanda lori kwenda Koboko kumwona. Tukiwa tunakunywa chai, nikamuuliza aliikaushaje ile mizizi. Nilikuwa natafuta la kusema tu.

"Nilichemsha kwanza. Mzizi haitoki nyumbani mbichi, mtoto yangu, ni mwiko. Maji ya kwanza ni ya mgonjwa. Baadaye unaweza kupa mutu ingine."

Nikaweka kikombe chini. Dawa yote ilibaki sufuriani, nami nilihangaika kupima makapi! Nikamwambia kipimo kile hakikufaa, anipe mizizi mibichi leo hii, mwiko au si mwiko. Spiriti nitaitafuta hata kwa kuombaomba.

Akanionyesha shamba kwa kidevu. Lilikuwa limejaa mihogo michanga.

"Niling'oa yote, nikachoma. Si mashine ilisema?"

"Na mgonjwa aliyekunywa maji ya kwanza ya ile mizizi uliyoniletea?"

"Huyo alipona," akasema. "Nikajua ni Mungu tu."