Nyasi za Nyuma ya Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya upili karibu na Mikinduri, sikuruhusiwa kugusa mashine. Msimamizi wa viwanja, Mzee Hamisi, Mwislamu wa Meru mjini aliyeongea polepole, aliniambia nitazame tu. Ilikuwa mashine ya kukatia nyasi, ya petroli, ya kubebwa begani, yenye mpini mrefu na kisu cha chuma kinachozunguka chini.

"Mama, hiki kisu hakitofautishi nyasi na mguu," alisema. "Hiyo ni kazi yako."

Akanifundisha kuchanganya petroli na oili kidogo, kwa kuwa injini ndogo kama ile hulainishwa na mafuta yake yenyewe. Ujaze tangi injini ikiwa imepoa, kisha uwashie mbali na ulipojazia. Uvae buti, suruali nzito, miwani na vifuniko vya masikio. Kabla ya kukata, upite kipande chote na fimbo utoe mawe na waya. Mtu akikaribia, uzime. Na usiguse kisu kabla ya kuchomoa waya wa plagi inayowasha injini, hata injini ikiwa imenyamaza.

Hakunifundisha kuhusu upweke wa vile vifuniko. Ukivivaa unabaki na mngurumo peke yake. Mwalimu anafungua mdomo bila sauti, mbwa anabweka bila sauti. Mara nyingi nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu.

Baadaye nilihamia Embu, kwenye zahanati moja ya binafsi njia ya kwenda Gachoka. Nyuma yake kulikuwa na nyumba za wafanyakazi zilizohamwa, na nyasi zilinifika kifuani. Siku ninayoikumbuka, askari wa lango, Njiru, alikuwa hajaonekana tangu jana yake jioni. Tulidhani ameenda kwao.

"Karimi, upande ule uishe leo," daktari msimamizi aliniambia. "Nyoka wataingia kwa wagonjwa."

Nilikagua kipande cha kwanza kwa fimbo, nikakikata. Nilipokaribia mwisho wake, nyasi zilizokuwa mbele zikafunguka. Hakukuwa na upepo. Zililala huku na huku, hatua kwa hatua, kama zinavyolala mtu akipita katikati. Lakini mtu hakuwako, na hizo hatua zilikuwa zinakuja kwangu.

Nikazima injini, nikavua vifuniko. Hata ndege hawakulia. Nyasi zilikuwa zimetulia, karibu sana nami.

"Nani huyo?"

Nilitaka kurudi. Badala yake nilichomoa waya wa plagi, nikalaza mashine chini, nikaingia nikipapasa na fimbo. Mara fimbo ikazama. Chini ya nyasi kulikuwa na mbao zilizooza, na chini ya mbao shimo la choo lililochimbwa zamani likaachwa. Njiru alikuwa humo, amekaa, mguu umevunjika, midomo imekauka, sauti imebaki ya kunong'ona. Alikuwa akikagua ua jioni mbao zilipokatika.

Niliwaita wenzangu, tukamtoa kwa kamba. Aliponiona hakufurahi.

"Karimi, mbona hukuniitikia?"

"Lini?"

"Usiku. Ulikuwa unatembea hapo juu yangu na buti mpaka kukacha. Nikiita, unasimama. Nikinyamaza, unaanza tena."

"Njiru, mimi nililala nyumbani."

Aliziangalia buti zangu. "Ni wewe," akasema.

Shimo lilijazwa mawe. Niliendelea kukata pale miaka mingine kadhaa, na sikuona tena kitu.

Nimestaafu juzi tu. Mikono bado hutetemeka asubuhi kama imeshika mpini. Naona vijana wakikata nyasi na ndala miguuni, watu wakipita kando yao, na huwa nasimama kuwaeleza yale niliyofundishwa Mikinduri. Wengine hunisikiliza. Ya nyuma ya zahanati siwaambii.

Njiru anachechemea, lakini ni mzima. Tukikutana sokoni Gachoka hunishika mkono, ananishukuru kwa kukaa naye usiku ule. Anasema bila hizo hatua angekata tamaa. Mwanzoni nilikuwa namkatalia. Kisha siku moja nikamwona uso ukibadilika, ameanza kujiuliza ni nani basi. Sasa akinishukuru, naitikia.