Bolti Niliyoifunga Siku ya Harusi

Nilikuwa fundi Nachingwea miaka ya tisini. Nikirudisha stata, mota ya kuwashia injini, kwenye gari la kumpeleka bibi harusi Ruangwa, bolti moja ikapotea, nikafunga nyingine ndefu kidogo. Ilikaza, nikajisifu mbele ya wakwe zake.

Dereva alipowasha, gari likakwaruza tu.

"Betri hiyo!" nikasema, nikawasukumisha wajomba wa bibi harusi na suti zao. Wapi! Mchangani gari halikupata kasi ya kuwaka.

Bibi harusi, binti wa dereva wa lori, akashuka. Akakunja gauni, akaingiza mkono wenye hina chini ya boneti, akaitikisa stata. Ikacheza.

"Kaka fundi, bolti yako ndefu. Imegota mwisho wa tundu, stata haijabanwa. Nipe fupi."

Nilimstaajabia kwanza. Aibu ilinipata nilipogeuka, nikakuta wajomba wote wananitazama, jasho linawatiririka.